Mkalimani wa Harusi ya Mdogo Wangu

Nimewaonea wivu watu wengi hapa Sydney. Nimemwonea wivu jirani kwa sababu mlimau wake huzaa na wangu haujawahi. Nimemwonea wivu mwenzangu wa kazini kwa sababu watoto wake humjibu kwa Kiswahili. Lakini wivu wa kunikosesha hamu ya chakula nimeupata mara moja tu, na aliyenitia wivu huo alikuwa mama wa Kizungu wa miaka sitini hivi, mwenye viatu bapa na daftari la kijani, ambaye kazi yake ni kufungisha watu ndoa.

Niseme mapema kwamba hakunikosea, kwa sababu nikishaanza kumsimulia nitamsema vibaya. Alikuja nyumbani kwangu Blacktown amealikwa, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasifu chai yangu. Hata hilo la kuvua viatu liliniudhi. Nilitaka awe mtu wa kulaumika.

Aliyekuwa anaolewa ni mdogo wangu. Kwetu ni Kongo, upande wa mashariki. Baba tulimpoteza njiani tukikimbia, na mama akafariki kambini, mdogo wangu akiwa na miaka miwili na mimi kumi na minane. Basi nikawa mama bila kuzaa. Nilimbeba mgongoni, nilimpigania kwenye foleni za maji, nilimfundisha kusema na kunyamaza. Kulikuwa na kijana mmoja pale kambini aliyenitaka, mzuri wa sura na wa maneno, akaniambia nije kwake bila mtoto. Nikabaki na mtoto. Tulipofika Australia alikuwa na miaka saba, akaingia shule, na kabla mwaka haujaisha akaacha kunijibu kwa Kiswahili. Anakisikia chote, ila jibu linatoka kwa Kiingereza, labda na neno la Kiswahili la kuchanganyia. Leo ana ishirini na saba, ni muuguzi, na mchumba wake ni fundi umeme wa Penrith, Mzungu, kijana mwenye adabu anayekula sombe, majani yetu ya muhogo, mpaka anafuta sahani.

Kitu kimoja tu nilikuwa nakitaka katika harusi ile. Nilitaka mtu asimame mbele ya watu aseme ni nani aliyemlea msichana huyu. Kwetu kitu hicho hakiombwi. Aliyekulea ndiye anayekushika mkono siku hiyo, anakukabidhi upande wa pili, na watu wanamwona. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka ishirini na mitano.

Jumapili moja wakaja wote wawili, wakakaa kwenye kochi wameshikana mikono, nikajua kuna neno. Hawatafunga kanisani, kwa sababu mwanamume hana dini na hataki kudanganya mbele ya mchungaji. Watafunga bustanini, kando ya mto, kule Penrith, na wameshampata wa kuwafungisha. Na wataingia pamoja, wawili, bega kwa bega.

“Na nani atakukabidhi?” nikauliza.

“Nobody, dada. Mimi si mzigo, tunaingia tu pamoja.”

Nikasema sawa. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilidhani mfungishaji ndoa ni kama karani: unajaza fomu, anagonga muhuri, anakwenda zake. Siku aliyokuja kwangu fomu ilikuwapo kweli, na sheria ya hapa inataka aipokee si chini ya mwezi mmoja kabla ya siku. Lakini baada ya fomu yule mama akafungua daftari lake la kijani, akaeleza anavyofanya kazi. Hana sherehe ya kunakili. Kila wawili huwaandikia yao, kwa hiyo lazima awajue. Atawauliza maswali, kila mmoja peke yake, na mmoja hatajua mwenzake amejibu nini mpaka siku yenyewe. Tena kuonana na kila mmoja faraghani ni sheria, ili ahakikishe hakuna aliyelazimishwa. “Nusu ya kazi yangu,” alisema, “ni kutunza siri.”

Aliyelazimishwa! Nilimtazama mdogo wangu, ambaye tangu darasa la nne hajawahi kulazimishwa hata kuvaa sweta.

Wakaingia chumbani kwangu, maana ndicho chenye mlango unaofunga vizuri. Mimi nikabaki jikoni na bwana harusi, nakaanga samaki ambaye hakuna aliyemwomba. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Nikamsikia mdogo wangu anacheka, halafu kukawa kimya, halafu nikamsikia analia. Hakikuwa kilio cha ugomvi wala cha msiba. Alikuwa analia kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Mdogo wangu hajalia mbele yangu tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Nikazima moto, nikasimama pale na mwiko mkononi, na kama bwana harusi asingekuwapo ningeenda kuweka sikio mlangoni.

Walipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na uso umetulia. Yule mama akanishika bega akasema nimelea msichana wa ajabu. Nikamjibu asante huku nimeuma meno.

“Mmeongea nini?” nikamuuliza mdogo wangu, yule mama alipokwenda.

“Stuff. Mambo ya zamani tu.”

Mambo ya zamani! Mimi ndiye mwenye mambo ya zamani. Mara ngapi nimemuuliza kama anakumbuka kambi, kama anakumbuka ile njia ya kwenda bombani, kama anakumbuka mama wa jirani aliyekuwa anatupa chumvi, naye hunijibu “not really” huku anatazama simu. Nikaamini amesahau. Nikamsamehe, maana mtoto wa umri ule atakumbuka nini. Kumbe hakusahau kitu, alikuwa anamwekea mgeni.

Wiki zilizofuata yule mama alitajwa nyumbani kwangu kuliko Bwana Yesu. Mama wa ndoa amesema hivi, mama wa ndoa amependekeza vile. Simu ya mdogo wangu ilikuwa inalia, anasoma ujumbe, anatabasamu, na mimi nilikuwa najua tabasamu lile si la mchumba. Nilipika fumbwa, ile mboga ya majani na karanga anayoipenda, akala vijiko vitatu, akasema wamekula keki na mama wa ndoa kule Parramatta.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, St Marys. Mwenzangu wa zamu ni Mkenya, na hana siri wala subira. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta.

“Wewe nawe! Unaonea celebrant wivu? Huyo ni wa kulipwa, madam. Job ikiisha anarudi kwake. Wewe ndio utabaki.”

Nikamwambia hata sisi tunalipwa kuwaogesha wazee hawa, na yule bibi wa chumba cha mwisho ameniambia mimi mambo ambayo wanawe hawayajui mpaka leo. Akaacha kucheka. Tukaenda kugawa chai.

Mwezi mmoja kabla ya harusi, mdogo wangu akaniomba niwe mkalimani. Wamama wa kanisani kwetu hawakifuati Kiingereza cha haraka, na yupo bibi mmoja wa miaka themanini tunayemwita shangazi, ingawa damu yetu si moja, ambaye hakijui kabisa.

“You're the best one, dada. Hakuna mwingine.”

Nilifurahi kwa dakika tano. Halafu nikafikiri: kumbe nafasi yangu ni ya spika. Yeye atasema, mimi nitarudia.

Maandishi yalikuja kwa barua pepe siku kumi kabla. Nilishuka treni St Marys mapema, nikakaa kwenye benchi la stesheni nikasoma. Yalikuwa mazuri, na uzuri wake ulinitia uchungu. Mama wa bwana harusi alikuwamo, anamfundisha mwanawe, aliyesimama juu ya ndoo, kukaanga mayai. Baba yake alikuwamo, na mashua anayoijenga gereji tangu mwanawe hajazaliwa. Hata mbwa alikuwamo, na jina lake. Nikafika kwa mdogo wangu. “Alifika Sydney akiwa na miaka saba, hajui neno la Kiingereza, na baada ya mwaka mmoja alikuwa anamsahihisha mwalimu.”

Alifika, kama kifurushi cha posta. Nikarudi mwanzo nikasoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta funguo. Mbwa yumo, mimi simo.

Nikampigia yule mama simu palepale, nikamuuliza kwa sauti ya upole kabisa kama maandishi ndiyo yote.

“Ndiyo yote unayohitaji kuwa nayo,” akasema. “Kuna vitu huwa simtumii mtu yeyote kabla ya siku yenyewe.”

Nikaelewa anasema viapo vyao. Nikamshukuru, nikakata simu, nikamlaani kwa lugha ya mama yangu. Treni mbili zilipita na zamu yangu ilikuwa imeshaanza.

Kiswahili cha maandishi yale nilikiandika kwenye daftari la shule, kwa mkono, jioni nne. Nilitafsiri vizuri. Hata mbwa nilimtafsiri vizuri. Nilipofika kwenye ile “alifika” nikaweka nukta, halafu nikaongeza sentensi tatu zangu. “Lakini hakufika peke yake. Aliletwa na dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili, kwa jasho lake, akaacha hata kuolewa kwa ajili yake. Bila dada huyo, leo tusingekuwa hapa.” Ile ya kati niliiandika mara tano kabla haijakaa sawa.

Mdogo wangu anasikia Kiswahili, na hilo nilikuwa nalijua. Nilitaka asikie. Nilitaka imchome kidogo, siku yake nzuri, mbele ya mama wake wa daftari. Leo naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyotaka.

Siku ikafika, Jumamosi ya masika ya huku, ya maua si ya mvua, jua kali na upepo wa baridi. Wamama walikuja na kitenge cha sare, njano na buluu. Shangazi alikaa mstari wa mbele na mwavuli wazi juu ya kichwa, kwa sababu wale ndege weusi kwa weupe walikuwa na makinda na walikuwa wanawashukia watu utosini. Mimi nilisimama kando ya yule mama, kipaza sauti kimoja kwake, kingine kwangu. Wakaingia wawili, bega kwa bega, kama walivyosema. Mikono yangu ilikuwa mitupu, sikujua niiweke wapi, nikashika daftari.

Yeye anasema fungu, mimi nasema fungu. Mayai yakapita, watu wakacheka kwa zamu, Wazungu kwanza na sisi baadaye. Mashua ikapita. Mbwa akapita. Akasema mdogo wangu alifika Sydney akiwa na miaka saba, akanipa nafasi, nami nikatafsiri, nikaweka nukta, nikavuta pumzi, nikasema sentensi zangu tatu.

Wamama wakapiga vigelegele. Mmoja akasimama kabisa, “Ni kweli! Njo ukweli!” Wazungu wakapiga makofi bila kujua wanapiga makofi ya nini, na yule mama wa ndoa akanitazama kwa furaha, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Mdogo wangu aligeuka. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alinitazama kama mtoto aliyeficha zawadi chini ya kitanda, akarudi akakuta mtu ameshaifungua.

“Sasa,” akasema yule mama, akafungua daftari la kijani, siyo karatasi tulizokuwa tunazisoma, “kuna ukurasa mmoja ambao mkalimani wetu hajauona. Bibi harusi aliniomba nisimtumie, kwa sababu unamhusu.”

Akasoma. Alisema alimuuliza bibi harusi anakumbuka nini kabla ya Sydney, na bibi harusi akamjibu hivi. Nakumbuka mchezo. Mvua ikianza, dada yangu alikuwa anakaa chini, ananiambia leo tunacheza kiti. Yeye ni kiti, mimi ni malkia, na malkia hashuki mpaka mvua iishe. Nilikuwa naipenda mvua kuliko kitu chochote. Nilikuwa mtu mzima, nimekaa darasani chuoni, mvua inapiga bati, nilipoelewa kwamba turubai letu lilikuwa linavuja, na kwamba kiti kilikuwa kimekaa ndani ya maji. Sijawahi kumwambia kwamba najua. Kila akiniuliza kama nakumbuka kambi huwa nasema sikumbuki, kwa sababu nikianza kusema nitalia, na yeye hajanilea ili nilie.

Zamu yangu ikafika. Daftari langu halikuwa na ukurasa huo.

Mchezo ule mimi nilikuwa nimeusahau. Katika yote niliyotaka nisifiwe, foleni, jasho, yule kijana mwenye maneno mazuri, hilo halikuwamo. Mvua ilikuwa inanyesha na mtoto asilowe, basi. Sikuwahi kuliona kama ni kitu. Na hapo hapo aibu ikanishika, kwa sababu wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi dakika mbili zilizopita nilikuwa nimejitembeza mbele ya watu mia kama mchuuzi wa karanga. Kama ningefunga mdomo, ningepewa. Nilifungua mdomo nitafsiri, sauti ikakataa. Nikajaribu tena.

“Mama, ule muzungu anasema nini?” shangazi akauliza chini ya mwavuli. “Mbona unanyamaza?”

Mdogo wangu akaachia mkono wa mumewe mtarajiwa, akaja, akachukua kipaza sauti changu. Akawageukia wamama. Miaka ishirini sikuwa nimemsikia akisema sentensi mbili za Kiswahili zikifuatana.

“Shangazi. Mvua ilikuwa inaingia mu nyumba. Dada anasema, leo tunacheza kiti. Miye nakaa juu yake. Miye nilizani ni mchezo tu. Nilikuwa na furaha sana, sana. Kumbe yeye alikuwa anakaa mu maji.” Akasita, akatafuta neno, akalikosa, akaendelea bila hilo neno. “Alikuwa kiti yangu. Ile vitu amesema mbele, ya jasho, ni kweli. Lakini hakusema yote.”

Safari hii wamama hawakupiga vigelegele. Shangazi akafunga mwavuli wake, ndege au si ndege, akajifuta uso kwa kitenge. Mimi nilikuwa nalia kama nimefiwa, na yule mama wa ndoa alinipa kitambaa kutoka mfuko wa koti lake, kikavu, kimekunjwa vizuri. Ni dhahiri huwa anakuja navyo.

Wakafungishwa. Akayasema yale maneno ambayo sheria inamtaka ayaseme bila kubadilisha, nikayatafsiri bila kubadilisha. Nikaitwa mezani kuweka sahihi, shahidi wa kwanza.

Baadaye, watu wakiwa kwenye sambusa, yule mama alinifuata kunishukuru. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la wapishi, nimevua viatu. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu, anakula kwa mikono miwili na gauni lake jeupe.

“Nina swali,” yule mama akasema. “Kile kipande cha kufika Sydney, mimi nilisema sentensi moja, wewe ulisema nyingi. Kiswahili ni lugha ndefu hivyo?”

Nikatazama nyasi. Mdogo wangu akameza, akafuta midomo.

“Yes,” akasema. “It's very long.”

Yule mama akaandika kitu kwenye daftari lake, akaaga, akaenda kutafuta gari lake. Alikuwa na harusi nyingine saa tisa, Granville. Mwenzangu alisema kweli, kazi ikiisha anarudi kwake, na nilishangaa kuona nasikitika kidogo anavyokwenda.

Mdogo wangu akaweka sahani chini. Akakusanya gauni lake kwa mikono miwili, akageuka, akanikalia mapajani, mwanamke mzima wa miaka ishirini na saba, na uzito wake wote, na shela lake mdomoni mwangu. Kiti cha plastiki kikalia.

“Simama basi,” nikamwambia. “Mvua haipo.”

“Bado,” akasema, kwa Kiswahili, akaegemea.

Miguu yangu ikafa ganzi. Nikamshika kiuno asiteleze.